Ya Fedha na Nyeusi

Aikande ameniomba moja, yoyote ile.
Anasema huko chuoni zimerudi,
kamera ndogo za enzi zile, za kutia mfuko wa shati.
Nimezitoa kabatini, nimezilaza juu ya kitambaa cha meza
kama mahari isiyotosha.

Ya fedha niliinunua mpya, karibu na mnara wa saa,
mwaka niliopandishwa daraja pale posta.
Nyembamba, kama kipande cha sabuni kinachobaki Ijumaa.
Lenzi yake haichomozi; inakaa ndani,
inachungulia kama mgeni aliyekataa kiti.

Nyeusi ni ya mtumba, soko la Memorial.
Fundi Mlingi aliniapia kwa mama yake kuwa ni nzima,
na nzima ilikuwa, isipokuwa kalenda:
kila picha imepigwa tarehe mosi Januari.
Ubatizo, msiba, mahindi ya Rau yaliyolazwa na upepo,
yote siku moja,
siku ndefu kupita zote nilizoishi.

Nyeusi ina haraka. Ukibonyeza, imeshapiga.
Inazijua ngozi zetu: hata jikoni, kwenye moshi,
uso unatoka uso.
Ya fedha huwageuza shangazi zangu vivuli vyenye meno,
na mgomba huupaka kijani ambacho Mungu hakukitaja.
Jua likiwaka, kioo chake hakionyeshi kitu;
unapiga kwa imani, kama anayepanda mbegu za mkopo.

Na ugonjwa wake mkubwa ni kufikiri.
Unabonyeza. Inakohoa. Inawaza.
Mtu amekaa sawa, amevuta tumbo,
ametoa tabasamu la kitambulisho,
tabasamu limechoka, limekwenda zake,
ndipo: kli.

Ingekuwa hesabu, ningeweka kalamu chini hapa.

Lakini kuna Krismasi ile, Kibosho,
mama na kanga yake ya pili kwa uzuri
(ya kwanza aliiweka ya kuzikiwa, wala hakuficha).
Nilimpiga kwa zote mbili, pale pale mlangoni.
Ya nyeusi ndiyo tuliyoichapisha, ndiyo iliyosimama juu ya jeneza:
wima, mkali, kifungo cha shingo kimefungwa,
mama wa watu wote.

Ya fedha ilichelewa.
Akadhani nimemaliza. Akamgeukia mbuzi
aliyekuwa anatafuna pindo la kanga,
akamwambia neno la Kichaga nisiloweza kuliandika.
Mdomo umebaki wazi. Mkono umekuwa ukungu.
Uso ni giza, giza kweli,
fundi yeyote angeifuta.
Mimi nikiitazama, nalisikia lile tusi.

Kuna na betri. Nyeusi hukaa na chaji wiki nzima.
Ya fedha hunipa picha kumi na mbili, kisha inafumba macho.
Kumi na mbili kwa siku.
Siku nyingi zinabaki.

Leo alfajiri nilikwenda nayo hadi kwenye reli.
Kibo ilikuwa wazi yote, nyeupe, kama imetoka kuoga.
Nikabonyeza. Ikawaza.
Wingu likaingia bila hodi, kama mwenye nyumba.
Akapita mwanamke na mkungu wa ndizi kichwani,
anazungumza na simu iliyobanwa begani.
Kli.
Nimepata nusu ya mkungu, sikio moja, simu.
Mlima hakuna.
Nimeiangalia mara tatu njia nzima ya kurudi.

Aikande, njoo Jumamosi, kabla ya mvua.
Nyeusi nimeifuta vumbi, chaja iko ndani ya soksi.
Itakufaa, ni ya haraka, wewe una haraka.
Ila kalenda
usiirekebishe.