Ukoko wa Pilau

Mbwa wetu tulimwita Shauriyao,
jina la kumfumbia jirani.
Kila jioni nilisimama kwenye ua wa manyara
nikaita kwa sauti ya kuvuka upande wa pili,
Shauriyao! Shauriyao!
na Nkwimba akafunga dirisha.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa maji ya mvua.
Huku Bugarika nyumba zimekaa juu ya mawe
kama kuku walioatamia mayai ya mtu mwingine,
na maji ya wa juu ni msiba wa wa chini.
Nisiurefushe.

Milembe alipopata kipaimara
nilinunua vitunguu ndoo nzima,
vile vyekundu vinavyong'ata macho kabla ya kisu.
Wageni wakala, wakashuka mlima
wakishikilia miamba kwa shibe.
Chini ya sufuria ukabaki ukoko,
mweusi, umelowa mafuta na vitunguu.
Nikaukwangua wote, nikamwekea mbwa.
Leo na wewe una sikukuu, nikamwambia.

Siku ya tatu alikojoa mkojo wa rangi ya kahawa.
Siku ya nne alipita muuza dagaa,
mtu aliyemchukia tangu angali mtoto,
asimbwekee.
Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe
kama mnofu wa sangara uliolala kwenye barafu.

Nikajua. Nani asingejua?
Nikapanda jiwe, mikono kiunoni,
nikamtaja Nkwimba kwa jina lake na la mama yake,
nikamwita mpika sumu,
mtaa mzima ukanyamaza usikie vizuri.
Akatoka na upawa mkononi.
"Huyo mbwa nilimpa maji mimi,
wiki ile ulipokwenda Sengerema."
Akarudi ndani.
Nikaona hata hayo ni ushahidi.

Daktari Lugembe aliacha pikipiki chini kwa wauza mkaa,
akapanda kwa miguu.
Akavuta kope la mbwa, akabonyeza ufizi kwa kidole.
Hakuuliza habari za adui.
Aliuliza: "Wiki hii mmekula nini?"

Kitunguu, mama. Kibichi, kilichoiva, cha unga,
na ndugu yake saumu.
Kinaingia kwenye damu ya mbwa bila haraka,
kinapasua chembe moja baada ya nyingine.
Ndiyo maana mnatafuta mchawi:
ugonjwa unafika, chakula kimeshasahaulika.

Kisha akazungusha macho uani kwangu
kama askari mwenye hati.
Mbarika pale mtaroni, zile mbegu zenye madoa
Milembe anazofanyia kete za bao.
"Hizo, hata chache tu."
Mahindi yaliyoota ukungu, niliyoyaweka kando
nikayaita ya mbwa.
Zabibu kavu zilizobaki kwenye keki.
Chokoleti ya shemeji, juu ya kabati, mahali ambapo mkia haufiki
lakini mtoto mkarimu anafika.
Na utomvu wa manyara, ule ua wangu mwenyewe
niliokuwa nausimamia nikitukana.

Mimi nilikuwa nahesabu maadui wa nje.
Hawa nimewapanda, nimewamwagilia,
wengine nimewanunua kwa kubembeleza bei.

Alipona. Polepole, kwa dripu na maini.
Wekundu ulirudi kwanza kwenye ulimi.

Kwa Nkwimba nilikwenda usiku, umeme umekatika,
bahati yangu.
Nilibeba bakuli la sato wa mchuzi.
Nikalisema lile neno; si refu,
ila kulibeba kupita mawe yale!
Akafunua bakuli, akanusa gizani.
"Na huyu umemtilia vitunguu?"
Sikujua ananisamehe au ananichoma.
Hata leo sijajua.

Sasa napika, mbwa amekaa mlangoni,
macho yaleyale, mkia uleule,
anautazama mkono wangu kama hauna historia.
Nataka kumwita, jina linanikwama.
Nakata kitunguu, machozi yananichuruzika.

Milembe akipita huuliza, Mama, unalia nini?
Kitunguu, namjibu,
na safari hii nasema kweli.