Bondo

Banda langu liko Kirumba, nyuma ya wauza nyavu,
runinga tatu, padi sita, moja ina kitufe kinachonata.
Mechi ya mpira mia mbili. Gemu za safari, nusu saa mia tatu.
Nimeandika ukutani kwa chaki,
na miaka minne hakuna aliyeniuliza kama ni haki.

Masalu huja saa kumi akitoka kupara samaki mwaloni,
magamba bado yamemganda viwikoni.
Wiki nzima alikuwa anasaka njia ya kisiwani.
Ndani ya gemu kuna ziwa, katikati ya ziwa kisiwa,
kimechorwa kwa mapenzi, hata moshi wa jikoni unauona.
Kapigana na walinzi, kachonga mtumbwi,
kapiga kasia mpaka kidole gumba kikaota sugu,
na hatua moja kabla ya mchanga
kufuli la dhahabu likajaa kioo kizima:
sehemu hii inauzwa peke yake.

Hakutukana. Alinigeukia mimi,
kana kwamba mimi ndiye niliyefunga.
"Kaka Bugumba, gemu hili si ulishanunua?"
Nilinunua. Laki na ishirini, Makoroboi, bila risiti.
"Sasa ulinunua nini?"

Nikamwambia, Masalu, wewe ndiye unayeshika kisu.
Minofu ya sangara inakwenda kiwandani, ikapande ndege.
Bondo linatolewa mapema, lina mfuko wake,
na bei yake haitajwi kwa sauti.
Sisi tunabaki na panki, tunakaanga, tunashukuru.
Nani kakwambia samaki huuzwa mzima?

Akakwangua gamba moja kwa ukucha.
"Anayeniuzia panki haliiti sangara.
Wala habandiki picha ya bondo mlangoni."

Nikajidai natafuta waya.

Kabula wa maandazi, ambaye hajawahi kushika padi,
akaingilia kutoka kwenye karai lake:
"Waliokichora nao wana watoto wanaokula.
Leo nakuuzia andazi, kesho nikileta sambusa,
utasema sambusa ilikuwa yako?"
"Sambusa ya kesho ni yako, dada.
Ila usiling'ate andazi langu leo
halafu kesho uniuzie kile kipande."
"Na Saanane je? Tunakiona kila siku, na kuingia ni kiingilio."
"Saanane hakuna aliyeniambia nimeshakinunua."

Jioni nikamwita Lugembe, fundi.
Akaichomeka mashine kwenye kompyuta yake iliyovunjika bawaba,
akapekua, akapiga mluzi.
"Kisiwa kimo humu humu. Nyumba, miti, mpaka kuku.
Kimekuwemo tangu siku ulipolinunua.
Kinachouzwa ni ruhusa."

Elfu thelathini na nane, na bando la kupakulia ufunguo.
Bando, bondo: herufi moja tu,
na zote mbili hukatwa kabla hujapima.
Nikapiga hesabu: mechi mia moja na tisini.
Watoto mia moja na tisini wafungwe na wapishane
ili mmoja akanyage mchanga.

Ningewalaani vizuri watu wale wa mbali
kama nisingekuwa nahesabu sarafu wakati huo.
Maana nilikumbuka Jumamosi, fainali ya mtaa,
mbili kwa mbili, dakika ya themanini na tano,
nilivyoizima runinga nikasema muda umekwisha,
ongezeni mia.
Waliongeza. Walicheka, lakini waliongeza.

Kesho yake Masalu akaja, akaweka mia tatu yake mezani.
Akashusha mtumbwi. Akakizunguka kisiwa polepole,
karibu kabisa na ukingo, akizuia kasia,
kufuli likitokea anarudi nyuma, anasogea kidogo, anajaribu tena.
Nusu saa ikapita. Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi.
"Unatafuta nini?"
Hakugeuka.
"Naangalia kama kuna upande waliosahau."