Kwa Kila Kichwa

Watu hudhani tunao wafanyakazi.
Hatuna. Tuna vyama, na vyama ndivyo vyenye watu:
mafundi umeme wa Great Falls, wauguzi wa Butte,
wapika sukari kule Billings,
walimu, madereva wa magreda ya theluji.
Kila tawi na mwenyekiti wake, muhuri wake,
kisirani chake.
Sisi wa ghorofa ya pili hapa Helena, juu ya fundi viatu,
ni kamba tu ya kufungia matita.

Mimi ni Noreen Tuomala, mweka hazina.
Kila tarehe kumi nafungua bahasha:
senti tisini kwa kila kichwa, kila mwezi.
Ada. Nalipenda neno hili,
ni malipo na ni mila kwa pumzi moja.
Anayechelewa namjua kwa mwandiko.

"Mbona hamwaamuru wote wagome?"
aliniuliza kijana mmoja wa gazeti.
Mwanangu, hapa hakuna amri.
Kuna simu. Kuna kahawa iliyolala.
Kuna Dewey Prpich, anayeshinda kwenye korido za bunge
tangu Januari hadi barafu iyeyuke,
akisubiri mbunge mmoja atoke msalani
amkumbushe fidia ya mapafu ya wachimba migodi.
Kidole kimoja hakivunji chawa, wanasema.
Sawa. Lakini nani huvishawishi vidole
vikubali kuwa vya mkono mmoja?

Mwaka jana, kwenye mkutano mkuu, ilikuwa bomba la gesi.
Watu wa saruji walitaka kazi; walimu walitaka mto.
Kura zetu huhesabiwa kwa vichwa vilivyolipiwa,
si kwa mikono iliyoinuliwa,
na walimu ni wengi kama vumbi la chaki.
Watu wa saruji wakakunja bendera yao, wakatoka,
viti wameviacha vimepinduka.
Tangu siku hiyo safu yao daftarini ni sifuri,
sifuri,
sifuri.
Nami siifuti.

Februari wauguzi wa hospitali ya Kestrel waligoma,
nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Nilipiga simu mpaka sikio likapata moto.
Billings walileta supu. Great Falls, jenereta.
Saruji sikuwapigia; niliona haya.

Siku ya nne lori likasimama mbele ya lango.
Gus Mehrhoff akashuka, ndevu zimeganda,
hakumsalimu mtu,
akamwaga kuni za msonobari, akaondoka zake.

Usiku ule nilifungua daftari.
Safu ya fedha: hakuna.
Safu ya vichwa: hakuna.
Nikakaa na kalamu, fundi viatu chini akigonga misumari ya mwisho.
Kisha pembeni, penye nafasi ya muhuri,
nikaandika:
Saruji. Kuni, lori moja. Zimepokelewa.