Bukuru na Butoyi

Siku ya tatu bondeni, nyuma ya Buhingu,
shati langu limebaki na mkono mmoja.
Henzirani haiombi ruhusa.
Hukushika begani kama mtu anayekudai;
ukivuta mbele, nayo inavuta,
ukirudi nyuma hatua moja, inakuachia.

Nimekata vipande viwili nikavilaza
ndani ya gazeti la mwaka juzi, juu ya matokeo ya mpira.
Cha kwanza jani refu, vijani pembeni kama miba ya samaki,
nchani mjeledi, kulabu zake zinatazama zilikotoka.
Cha pili jani fupi,
limepasuka kati kama mkia wa mbayuwayu,
halina kulabu, halina neno na mtu.

Mimea miwili, nikasema.
Nikaandika kwa penseli: Bukuru. Butoyi.
Majina ya mapacha, ya kushikia tu,
mpaka wenye Kilatini chao waje.

Ntahondi, msuka viti wa Mwanga, akacheka.
Yeye anazo aina nne:
ya miguu ya kiti, ya kufungia, ya matenga,
na ya kumuuzia mgeni.
Hukunja ufito karibu na sikio. «Huu umelia mapema,»
husema, na kuutupa.
Daftari langu lina safu ya urefu, ya rangi, ya magamba ya tunda.
Safu ya mlio haimo.

Baba mdogo ni Ruzabila kwenye cheti cha ubatizo,
Luzabila kwenye daftari la kura,
na benki ni Rusabila;
benki ikagoma kumpa Rusabila
pesa ya mawese aliyoiweka Luzabila.
Watu watatu, kikohozi kimoja.
Nilimcheka pia. Nisamehewe.

Siku ya nne nikamfuata Butoyi kwa mkono,
kutoka matopeni, ufito mmoja, sikuuachia.
Jani la mbayuwayu. Jingine la mbayuwayu.
Usawa wa kifua, mpasuko umeanza kusita,
jani limegawanyika mara tatu, vibaya,
kama nguo iliyokatwa na anayejifunza.
Ntahondi akanibeba mabegani.
Mara sita. Mara kumi.
Halafu kitu kikanishika sikio:
kulabu.

Ufito uleule. Sikuwa nimeuachia.

Mimi naitwa Chiza. Kwetu Uha
Chiza ni anayezaliwa nyuma ya mapacha.
Wangu sikuwakuta. Mama huwataja pamoja,
kwa pumzi moja, akipepeta.
Labda ndiyo maana niliwaona wawili upesi hivyo.

Nimefuta Butoyi. Karatasi ina unyevu,
penseli haikutoka yote.

Mstari wa mwisho wa lebo: jina la kienyeji.
Namuuliza Ntahondi.
Anafunga mzigo wake, anauliza,
«La chini au la juu?»