Saa Arobaini na Nane

Wakili Hollenbach anauliza tena, kwa upole
wa mtu ambaye hela yake haitoki mfukoni mwangu:
maumivu yalianza lini, Bi Sikudhani?
Sheria inataka ndani ya saa arobaini na nane.

Usiku uleule, namjibu.
Duka la dawa, hapa hapa Louisville, nyuma ya rafu ya kadi za Krismasi,
kijana wa watu alikuwa na foleni hadi mlangoni.
Sikuvua sweta. Nilivuta ukosi tu,
naye akadunga pale nguo ilipoishia,
juu, juu mno.
Nilisikia sindano ikibisha hodi
kwenye nyumba isiyo yake.

Sina ugomvi na chanjo. Andika hivyo.
Mafua ya mwaka ule hayakunigusa.
Ugomvi wangu ni wa vidole viwili,
umbali kati ya nyama na kiungo.

Mimi ni msusi. Andika na hilo.
Kichwa kimoja cha rasta ndogondogo
ni saa saba mikono ikiwa hewani.
Sasa huu wa kushoto ukifika usawa wa titi
unagoma kama punda aliyeona nyoka.
Bega halipiti kichwa, tulifundishwa shuleni,
tukadhani ni methali.

Daktari alitaka namba, moja hadi kumi.
Nikamwambia: sidiria naifungia mbele, kisha naizungusha.
Akaandika sita.

Miezi sita lazima ipite ndipo maumivu yahesabike;
yakikoma mwezi wa tano, ni mali yako mwenyewe.
Mzigo wa mwenzio kanda la usufi:
huko Washington watalipima langu kwa risiti,
kwa picha ya kiungo, kwa barua ya mteja wangu Odessa
anayeapa kwamba nilimwacha na nusu ya kichwa
akaenda kanisani na kilemba.

Miaka miwili na ushee.
Mwantumu, binti yangu, ndiye anasuka kwenye kiti changu.
Mistari yake imepinda. Nanyamaza.

Leo kuna swali la mwisho:
maisha yako kabla ya sindano yalikuwaje?
Natazama dirishani. Mtu anapunga mkono kusimamisha basi.
Nilikuwa na mikono miwili, nasema,
wala sikuwahi kuihesabu.

Kalamu inasita.
Ananiuliza kama hilo
lina stakabadhi.