Mengineyo

Mwenyekiti alinipa kalamu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.
Nikapiga mstari katikati ya karatasi:
kushoto wanaounga mkono, kulia wanaopinga.
Ajenda moja: sheria mpya ya silaha.
Maoni ya Bahati yafike Nakuru kabla ya Ijumaa.

Kimosop wa duka la vifaa alisimama bila kuitwa.
"Nimevamiwa mara tatu. Ile ya tatu nilipiga simu kituoni,
nikaambiwa gari lipo, mafuta hayapo.
Jogoo wangu aliwika kabla hawajafika.
Leseni ninayo, nimeilipia, kila risasi iko kwenye daftari.
Sasa mnaitaka bastola yangu. Na wale wezi je,
wao mmeshawaandikia barua?"
Watu wakacheka, wakapiga makofi.
Kulia: kumi na saba.

Sista Nyakerario hakusimama.
Alikuwa ametoka zamu ya usiku,
viatu amevivua, miguu imevimba.
"Mimi sijui sheria," alisema. "Najua mlio.
Risasi ikitolewa mwilini, daktari huiachia kwenye bakuli la chuma,
nayo hulia kama shilingi.
Ndiyo maana kikapu cha sadaka kikipita
mimi huweka noti."

Kikohozi kimoja, huko nyuma.

"Ya Jumanne ilitoka kwa mtoto.
Bastola ya babake, yenye leseni,
kabatini, chini ya sweta za shule."
Kushoto nikaandika. Kuhesabu nikasahau.

Hapo ndipo kila mtu alipoanza kuwa na mdomo.
Huyu mwoga, yule muuaji,
mmoja akataja uchaguzi wa mwaka ule, akaambiwa nyamaza,
na kalamu yangu ikawa inakimbia kama kuku mvuani.

Kisha nje, barabarani:
pah!

Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo.
Kumbe ukumbi mzima tulikuwa tumeumwa.
Viti vya plastiki vikapinduka, chai ikamwagika,
na wote, wa kushoto kwa wa kulia,
tukajikuta kifudifudi juu ya saruji moja, baridi.

Mimi nilikuwa chini ya meza, nikaona.
Mkono wa Kimosop ulikwenda kiunoni,
ukagusa,
ukasita,
ukatoka pale mtupu, ukaenda kufunika kichwa
cha mtoto wa mama wa chai,
aliyekuwa ameduwaa na andazi mdomoni.
Sista naye aliuona mkono ule. Safari yake yote.

Ilikuwa pikipiki. Bomba bovu la moshi.
Kijana alipita zake akipiga honi, hana habari.
Hakuna aliyeharakisha kuinuka.

"Usiku unaiweka wapi?" Sista aliuliza, shavu bado sakafuni.
"Chini ya mto."
"Na wajukuu wakija?"
Kimosop alitazama miguu ya viti.
"Hawaji. Mama yao hataki."
Halafu, polepole:
"Yule wa Jumanne. Ana miaka mingapi, au alikuwa na mingapi?"
"Ana. Sita. Jana ameomba uji."

Kumbukumbu zinasema hivi.
Moja: kila mwenye bunduki awe na sanduku la chuma lenye kufuli,
risasi zikae kando; Kimosop atayauza kwa bei aliyonunulia.
Mbili: gari la kituo litiwe mafuta.
Hili la pili lilipendekezwa na Sista.
Kwa yaliyobaki hatukukubaliana;
tulipaza sauti tena hadi maombi ya kufunga.

Penye "Mengineyo" niliacha wazi.
Hapo ndipo lingekaa hili, kama ningejua namna ya kuliandika:
mlangoni Sista alisema, "Una vumbi mgongoni,"
na yule mtu, ambaye tangu avamiwe
haketi popote ila ameegemea ukuta,
akageuka,
akampa mgongo,
akangoja.