Wanaolipa Kulala Nje

Eilidh alisema ni usiku mmoja tu.
Ruaridh akasema, hewa safi.
Mimi, ambaye Dundee ninayo hewa ya dirishani
na inanitosha, nikasema nina zamu.
Shamsa, msaliti: "Zamu ipi?
Ratiba ninaiandika mimi."

Tukapakiwa, magoti kifuani,
sufuria mapajani ikilia kila kona,
mpaka barabara ikachoka kabla yetu,
ikaishia langoni, kwa kondoo mmoja
aliyetutazama kama karani wa uhamiaji.

Kutoka hapo ni miguu. Glen Doll haina haraka:
unadhani umefika kichwani mwa mlima,
kumbe ni goti.
"Karibu tunafika," anasema Ruaridh,
na karibu yake ina urefu wa Ramadhani.

Mvua ya huku hainyeshi.
Inasimama hewani, ikingoja uipitie.

Na visubi!
Nyumbani mbu huja na wimbo, angalau hubisha hodi.
Hawa, wadogo kama pilipili manga ya kusaga,
waliingia kwenye kope, kwenye chai,
ndani ya neno nililokuwa nalisema.
Nikajitanda mtandio, nikabaki macho mawili.
Ruaridh akauliza kama ninaswali.
Nikamwambia, sana.

Kisha mahema. Lake akalitandika bondeni,
penye nyasi laini.
Letu: Eilidh akashika fito moja, Shamsa nyingine,
upepo ukashika lililobaki.
"Vuta hapo!" Wapi? "Hapo!"
Na mkono wangu, bila kuniuliza,
ukaokota jiwe, ukapigilia kigingi kwa mshazari,
ukafunga fundo linalokaza likivutwa,
ukachimba kwa kijiti mfereji
upande wa juu, ukiuzungusha mpaka chini.

Wakanyamaza.
"Si ulisema hujawahi kupiga kambi?"

Sijawahi. Kambi ndiyo iliyonipiga mimi.
Mwaka ule Tana ilipoingia sebuleni kwetu Garsen
bila kuvua viatu,
ikatoka na kitanda, na kuku,
na daftari langu la hesabu,
tulikaa miezi minne chini ya plastiki ya buluu.
Mama alichimba mfereji kwa upawa.
Nilijua mafundo manne
kabla ya kujua saba mara nane.
Baba alipopata tofali la kwanza
alilileta ndani, akalala nalo kichwani,
kwa kuogopa wezi, alisema.

Hayo sikuyasema.
Nilisema: "Skauti."
Shamsa ni wa Hola. Akainama,
akafunga kamba ya kiatu kilichokwisha fungwa.

Tukala tambi za dakika tatu
zilizochukua arobaini.

Saa nane za usiku kibofu kikaniita.
Zipu ya hema, wallahi, huamsha mpaka wafu.
Nje, giza la Juni lilikuwa halijakolea,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa,
na mvua sasa ilikuwa imekumbuka kunyesha.
Nilichuchumaa. Nikakagua kamba, moja, moja,
kama mtu anayehesabu watoto.
Maji yalishuka mlimani kwa kasi,
yakafika kwenye mfereji wangu,
yakasita,
yakazunguka, yakaenda zao.
Nilisimama kuyatazama muda mrefu kuliko mwenye akili.

Yalikwenda bondeni, kwa Ruaridh.

Alikuja akitambaa, blanketi likimchuruzika,
na hema la watu watatu likawa la wanne,
kiwiko cha huyu sikioni mwa yule,
soksi zake zikinuka mbwa.
"Maji ukiyavulia nguo," nikaanza,
Shamsa akamalizia,
na Eilidh akacheka bila kuelewa,
akacheka tu kwa sababu hema zima lilikuwa likitikisika.
Sikulala. Nilikuwa na joto, lakini.

Asubuhi kila kitu kilikuwa na uzito mara mbili.
Garini Eilidh akanitazama kwenye kioo:
"Agosti utakuja tena?"
Nikasema, nina zamu.
Shamsa akafungua mdomo.
Akaufunga.